Soja na Funguo za Kinu: Somo juu ya Jeshi na Serikali ya Raia



Somo letu la toleo hili lilitokana na maneno ya kijana mmoja. Tulikuwa katika semina ya siku mbili na tulikuwa tunazungumzia pesa za umma: ile barabara iliyolipiwa mara mbili na bado haipitiki, ile zahanati yenye rangi mpya na kabati tupu la dawa. Watu walikuwa wamechoka na wamekasirika. Ndipo kijana mmoja akasimama pale nyuma akasema, "Hii nchi inahitaji wanajeshi, miaka mitano tu. Tazameni Mali. Tazameni Burkina Faso." Ukumbi ukapiga makofi. Na si vijana peke yao, hata akina mama wa kikundi cha kuku walipiga makofi.

Sisi tuliokuwa tunaongoza tulitazamana. Tungeweza kumwambia akae chini, lakini hiyo si njia yetu ya kufundishana. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye katika ujana wake alifanya kazi Kampala, aliinua mkono, akasema jambo moja tu: "Sisi pia tulipiga makofi, mwaka 1971." Akakaa. Hakuongeza neno.

Kwa hiyo tuliacha ratiba, tukazungumzia jeshi na serikali mpaka jioni. Haya hapa ndiyo tuliyojifunza, pamoja na mengine tuliyoyasoma baadaye ili tusiwaambie mambo ya kubahatisha.

HEBU TUANZE NA KINU

Kikundi kimoja tunachokijua kilinunua kinu cha kusaga mahindi kwa pesa za harambee, kikaajiri soja wa usiku. (Mlinzi tunamwita soja tangu zamani, na neno hilo limetoka kwenye neno la Kiingereza la mwanajeshi, kwa hiyo mfano wetu hautoki mbali.) Soja alipewa rungu, tochi na koti la baridi. Funguo zikakaa kwake, maana yeye ndiye aliyelala pale.

Miezi minne hakulipwa. Alimwambia mweka hazina, mweka hazina akasema kesho. Alimwambia mwenyekiti, naye akasema ngoja mkutano. Asubuhi moja akina mama walifika na madebe yao vichwani, wakakuta mlango umefungwa kwa ndani na soja anaongea kupitia dirishani: bila mshahara, leo hakuna kusaga.

Kamati ilishikwa na hofu. Walimpitishia pesa zote pale pale dirishani, wakamwongezea mshahara mara mbili, na ili asirudie tena wakamfanya mwanakamati. Mambo yakatulia. Kisha mwenyekiti akaona faida yake. Kulikuwa na wanachama fulani waliozoea kuuliza hesabu. Akamwambia soja, siku ya mkutano hao usiwafungulie. Soja akatii, wale watu wakarudi nyumbani. Mnaweza kukisia iliyofuata. Mwenyekiti alisafiri kwenda mazishi mbali, na aliporudi alikuta kufuli mpya mlangoni. Soja ndiye aliyekuwa akikusanya pesa za kusaga.

Tulipoisimulia habari hii katika semina watu walicheka sana. Lakini tulipouliza, "Kosa ni la nani?" tulibishana saa nzima. Soja alichukua kitu kisicho chake, hilo halina ubishi. Lakini nani alimfundisha kwamba dirisha linalipa kuliko mkutano? Na nani alimwonyesha kwamba rungu lake linaweza kutumiwa juu ya wenye kinu wenyewe?

WIKI MOJA, NCHI TATU

Wengi wetu hatukufundishwa shuleni kwamba jambo kama hili la kinu lilitokea kwetu Afrika Mashariki, katika nchi tatu, ndani ya wiki moja. Ilikuwa Januari 1964. Tanganyika ilikuwa na miaka miwili ya uhuru, Uganda mwaka mmoja na miezi, na Kenya wiki sita tu. Bendera zilikuwa mpya, lakini majeshi yalikuwa yale yale ya mkoloni yaliyobadilishwa jina. Maofisa wakubwa bado walikuwa Waingereza. Askari wa kawaida aliona karani aliyesoma naye akipanda gari la serikali, na yeye mshahara wake ni ule ule. Katika Tanganyika askari wa chini alipata shilingi 105 kwa mwezi.

Usiku wa kuamkia Januari 20, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini, wakashika mahali muhimu. Walidai mambo mawili: mshahara wa shilingi 260, na maofisa Waafrika. Rais Nyerere alifichwa mahali pa usalama, na waziri Oscar Kambona akaenda kuongea nao. Kambi ya Tabora nayo ikaasi. Januari 23 ikawa zamu ya Jinja, Uganda. Januari 24 jioni ikawa zamu yetu, kambi ya Lanet karibu na Nakuru, ambako askari walivunja ghala la silaha.

Angalieni sana: hawa hawakuanza kwa kutaka kutawala. Walidai mshahara na vyeo, kama yule soja. Lakini mtu anayedai mshahara akiwa na bunduki mkononi hatofautiki sana na anayetaka kutawala. Viongozi wote watatu walilazimika kuwaita Waingereza waje wawazime askari wa nchi zilizojitawala. Nyerere aliona aibu kubwa, na hakuificha.

Sasa, mpaka hapo hadithi ni moja. Zinaachana katika yale yaliyofanywa baadaye, na hapo ndipo penye somo.

UGANDA: KULIPA DIRISHANI

Tutakaa Uganda kwa muda mrefu zaidi, maana huko ndiko jambo lilikokwenda mpaka mwisho wake.

Waziri Felix Onama alikwenda Jinja kuongea na askari, wakamzuia, akakubali kuwaongezea mishahara. Waingereza walifika, kambi ikatulia, na baadhi ya askari wakafukuzwa. Lakini nyongeza ya mshahara ilibaki. Askari walijua sasa bei ya uasi.

Kati ya maofisa wachache Waafrika alikuwa Idi Amin. Habari zake zilikuwa zinajulikana tayari, na zilianzia upande wetu wa mpaka. Mwaka 1962, kabla ya uhuru, kikosi chake kilitumwa Turkana kuzuia wizi wa mifugo, na wafugaji wakauawa. Gavana aliona Amin ashtakiwe. Akamwuliza Obote, ambaye alikuwa waziri mkuu, naye akashauri kwamba si vizuri kumshtaki mmoja wa maofisa wawili tu Waafrika wakati uhuru umekaribia. Akakemewa, basi. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa uasi, akawa naibu kamanda wa jeshi.

Hapa tunawaomba mkumbuke mwenyekiti na wale wauliza hesabu. Februari 1966 Bunge la Uganda lilitaka uchunguzi ufanywe juu ya dhahabu na pembe za ndovu zilizotoka Kongo, na jina la Amin likiwa ndani, na la Obote mwenyewe pia. Ni swali la hesabu. Obote angeweza kulijibu. Badala yake aliwakamata mawaziri watano wakiwa kwenye mkutano wa baraza, akasimamisha katiba, na Amin akapandishwa kuwa mkuu wa jeshi. Mei 24 mwaka huo jeshi, likiongozwa na Amin, lilishambulia kasri ya Kabaka pale Mengo. Kabaka Mutesa, ambaye alikuwa Rais wa nchi mpaka mapema mwaka huo, akakimbilia Uingereza na kufia huko. Ugomvi wa siasa uliopaswa kumalizwa na Bunge na mahakama ulimalizwa na bunduki. Na aliyeshika bunduki akaona wazi kwamba bila yeye, mwenyekiti hawezi kukaa kitini.

Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola, Amin alibadilisha kufuli.

Ndiyo siku mzee wetu alipopiga makofi. Watu walicheza barabarani Kampala. Redio ilisoma sababu kumi na nane za kuiondoa serikali: rushwa, ukabila, watu kufungwa bila kesi, bei kupanda. Tukisema ukweli, nyingi ya sababu hizo zilikuwa za kweli! Amin alisema yeye ni askari tu, si mwanasiasa, na uchaguzi utakuja. Haukuja. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu na hakuonekana tena. Mwaka huo huo Wahindi walipewa siku 90 waondoke, maduka wakapewa wanajeshi na marafiki zao, na baada ya muda sukari, chumvi na sabuni vikawa vya kutafutwa kwa magendo. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana. Waliouawa kabla yake na baada yake, watu wasio na majina makubwa, ni maelfu kwa maelfu. Amin aliondoka Aprili 1979, na hakuondolewa kwa kura. Aliondolewa na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni.

Mzee alituambia wakati wa chai kwamba kilichomuuma zaidi ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumwuliza. "Chini ya Obote tulinung'unika. Chini ya huyu, hata kunung'unika unatazama kwanza nani amekaa nyuma yako."

TANZANIA NA KENYA

Nyerere alichukua njia nyingine. Hakulipa dirishani. Alilivunja karibu jeshi lote na viongozi wa uasi wakapelekwa mahakamani. Askari wa Nigeria walikuja kulinda nchi wakati jeshi jipya linaandaliwa, na Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Vijana wake walichukuliwa kutoka kwa umoja wa vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Askari alifundishwa siasa na kuwa mwanachama wa chama. Njia hii ilizaa matunda: jeshi lile halijawahi kutawala, na Nyerere alipoondoka mwaka 1985 aliondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini tusiinakili tu. Jeshi lililofungwa kwa chama linafaa chama kinapokuwa kimoja. Vyama vikiwa vingi, askari wa chama ni hatari kwa wengine wote. Watanzania waliliona hilo, na walipofungua mlango wa vyama vingi mwaka 1992, katiba yao ikamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Tena, mwaka 1964 wenyewe ulikuwa na upande wake mchungu: viongozi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini baada ya uasi, na shirikisho lao likavunjwa na kuwekwa moja lililo chini ya TANU. Hofu ya jeshi isiwe kisingizio cha kuwanyamazisha watu wengine.

Na kwetu? Uasi wa Lanet ulizimwa haraka, kikosi kilichoasi kikavunjwa, waliohusika wakashtakiwa katika mahakama ya kijeshi na wengine kufungwa. Hilo lilikuwa sawa. Mtu alisikilizwa, akahukumiwa, ikaisha.

Miaka kumi na minane ikapita. Juni 1982 Bunge lilibadilisha katiba ili Kenya iwe nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mlango wa kuuliza hesabu kwa amani ukafungwa. Jumapili ya Agosti 1, 1982, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walishika Sauti ya Kenya wakatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kufikia jioni walikuwa wameshindwa na jeshi la nchi kavu. Wenye umri wetu wanakumbuka muziki wa redio kukatika, na maduka ya Nairobi kuporwa. Zaidi ya watu mia moja walikufa, Jeshi la Anga likavunjwa, chuo kikuu kikafungwa. Na je, wale waliotaka kuikomboa nchi walituletea uhuru zaidi? La. Tulipata miaka ya hofu, watu kukamatwa usiku, na chama kikawa kigumu kuliko kabla. Mageuzi yalikuja Desemba 1991, na yalikuja kwa kelele za raia: mawakili, viongozi wa dini, akina mama wa wafungwa waliofuatia mwaka 1992, na watu wa kawaida waliokataa kunyamaza. Hapakuwa na kifaru hata kimoja.

SHERIA YETU INASEMAJE

Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokumbuka haya. Kifungu cha 239 kinasema vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya raia, na visitende kwa kupendelea chama. Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu kwa sababu amechaguliwa. Baraza la Ulinzi linaongozwa na waziri, ambaye ni raia. Pesa zao zinapitishwa na Bunge.

Kifungu cha 241 ndicho tunachotaka kila kikundi kikijue. Kazi ya jeshi ni kuilinda nchi na mipaka yake. Linaweza kusaidia wakati wa dharura au maafa, kama mafuriko, na likifanya hivyo lazima Bunge la Taifa lipewe taarifa. Lakini kutumwa kutuliza fujo ndani ya nchi, hapo ni lazima Bunge la Taifa liidhinishe.

Hili si jambo la vitabuni. Juni 25, 2024, siku waandamanaji wa Mswada wa Fedha walipoingia bungeni na vijana wakapigwa risasi, waziri wa ulinzi alitangaza kwamba jeshi limeitwa kusaidia polisi. Bunge la Taifa lilipitisha idhini siku iliyofuata. Wengine wakaenda kortini. Mahakama Kuu haikuwaondoa askari, ila iliiamuru serikali itangaze wazi kazi yao ni ipi na watakaa muda gani. Kwa maoni yetu idhini inayokuja nyuma ya malori ni idhini yenye kilema. Lakini oneni pia tofauti: palikuwa na karatasi, kura na jaji. Uganda ya 1966 haikuwa navyo.

TURUDI KWA KIJANA

Tulimwambia kijana wetu maneno mawili. La kwanza, kuhusu ile "miaka mitano tu". Mali, wanajeshi walimwondoa Rais Keïta Agosti 2020 wakaahidi uchaguzi Februari 2022. Haukufanyika. Mei 2025 vyama vya siasa vilivunjwa, na Julai 2025 kiongozi wa kijeshi akaongezewa miaka mitano, inayoweza kuongezwa tena, bila kura. Burkina Faso ilipinduliwa mara mbili katika mwaka mmoja wa 2022, maana aliyefungua kwa bunduki hana la kumwambia anayekuja na bunduki nyingine. Mwaka 2024 nao wakajiongezea miaka mitano.

La pili ni Senegal, jirani ya Mali. Tangu uhuru wa 1960 haijapinduliwa. Mapema mwaka 2024 Rais aliahirisha uchaguzi, vijana wakaingia barabarani, wengine wakafa. Baraza la Katiba likasema kuahirisha huko si halali. Machi 24 watu wakapiga kura, na mpinzani aliyetoka gerezani siku kumi kabla akashinda. Askari walibaki kambini. Vijana wale walikuwa na hasira kama ya kijana wetu, wala si kidogo.

Akatuuliza, "Na barabara yetu je?" Swali zuri. Barabara haijatengenezwa. Tulikubaliana kwamba vikundi vitano vitamwandikia mwakilishi wa wadi na kuomba hesabu ya ile pesa kwa maandishi, na nakala ziende ofisi ya kaunti. Kijana ndiye aliyechaguliwa kuwa katibu wa kazi hiyo. Alikubali, ingawa uso wake haukuonyesha furaha kubwa.

KAZI YA KIKUNDI

Someni kwanza habari ya kinu kwa sauti, kisha watu wanne waiigize: soja, mweka hazina, mwenyekiti na mama mwenye debe. Simamisheni igizo pale soja anapoongea dirishani. Kila mwanachama aseme yeye angefanya nini asubuhi ile, na kamati ilipaswa kufanya nini miezi minne kabla. Msiharakishe hapa.

Kisha waombeni wazee wenu wasimulie walikuwa wapi Agosti 1, 1982, na waliokuwa Uganda wasimulie ya 1971. Vijana wasikilize bila kukatiza, halafu wazee nao wasikilize kwa nini vijana wamechoka.

Mwisho, chukueni katiba ya kikundi chenu wenyewe. Nani anashika funguo? Nani anamlipa, na siku gani? Mwanachama akiuliza hesabu, imeandikwa wapi kwamba ni lazima ajibiwe? Tuandikieni majibu yenu kabla ya toleo lijalo.